Ulimi Uliogeuka Singe: Abram Games na Mabango ya Vita

Wapenzi wa ushairi wa pwani hawahitaji kuelezwa kuwa vita hupiganwa kwa maneno pia. Muyaka bin Haji aliitetea Mombasa ya Wamazrui kwa tungo zake dhidi ya Seyyid Said, na tungo hizo zingali zasomwa kama ushairi, ingawa upande ulioziimba ulishindwa. Je, kazi iliyotungwa kwa ajili ya vita, tena kwa amri ya wakubwa, yaweza kusema kweli? Mabango ya Abram Games, Mwingereza aliyelichorea jeshi la nchi yake katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, yana jibu la kutatanisha kuliko wapendavyo wanaoisifu propaganda na wanaoilaani.

Games alizaliwa mwaka 1914 Whitechapel, mashariki mwa London, kwa wazazi Wayahudi wahamiaji. Baba mpiga picha kutoka Latvia, mama mshonaji. Chuo cha sanaa cha Saint Martin's alikiacha baada ya mihula miwili, akaendelea kujifunza usiku. Mwaka 1940 aliingia jeshini kama askari wa miguu, na mwaka uliofuata Wizara ya Vita ikamwita achore. Hadi vita kwisha alikuwa amekwisha kutoa mabango takriban 100.

Kanuni yake ilikuwa moja: maana nyingi kwa nyenzo chache. Alianza kwa vijichoro vidogo, akishikilia kwamba wazo lisilosimama katika ukubwa wa inchi moja halitasimama ukutani. Mtunzi aliyezoea kubana fikra ndani ya mizani 16 ataielewa kanuni hii bila mkalimani. Ufinyu wa nafasi humlazimisha msanii achague, na katika kuchagua ndipo ustadi wake unapopimwa.

Bango la mwaka 1942 la kuwaonya askari juu ya kuropoka ndilo kilele cha kanuni hiyo. Maandishi yake yasema kwamba maneno yako yaweza kuwaua wenzako. Kinywani mwa askari mwatoka mzingo unaozunguka na kupanuka mithili ya sauti iendavyo hewani. Kisha mzingo huo wanyooka, wanolewa, wawa singe, na singe hiyo yawachoma askari watatu kwa pigo moja. Waswahili husema mdomo huponza kichwa. Games amekwenda mbali zaidi: hapa mdomo waponza vichwa vya wengine, na mwenye mdomo abaki hai. Hakuna adui katika picha. Hakuna jasusi aliyejificha nyuma ya pazia, kama ilivyokuwa desturi katika mabango mengi ya aina hii. Hatia yote imewekwa juu ya mtazamaji mwenyewe. Yafaa kuongeza kwamba ukiyafuta maandishi, picha yapungukiwa. Ukiifuta picha, maandishi yabaki onyo la kawaida la kambini. (Katika kanga, jina na nakshi aghalabu hukaa kama majirani wasiojuana, hapa ndoa imefungwa.)

Si kila bango lilifikia daraja hiyo. Lile la mwaka 1941 la kuwaita wanawake katika kikosi cha jeshi la nchi kavu, lenye uso wa kimanjano na midomo myekundu, lilipingwa bungeni kwa kuwa na urembo uliopita kiasi, nalo likaondolewa. Wapinzani walikosea katika sababu yao, lakini bango lenyewe ni jepesi: lavutia jicho, halina fumbo la kufumbua.

Mgogoro wenye uzito ulikuja mwaka 1942, katika mfululizo uliowahimiza askari waipiganie Uingereza yao sasa. Kibwagizo hicho walipewa wachoraji wawili. Frank Newbould alichora mchungaji na kondoo wake katika vilima vya kusini, uzuri usio na doa wala njaa. Games alichora kituo cha afya cha Finsbury, jengo jeupe la kisasa lililobuniwa na Lubetkin na kufunguliwa mwaka 1938. Na nyuma ya ukuta wake mweupe, kati ya magofu, mtoto mwenye matege. Churchill alichukizwa mno, akaiona picha hiyo kuwa kashfa kwa nchi, na bango likazuiwa.

Hapa ndipo swali la awali linapopata nyama. Newbould amempa askari nchi ambayo wengi wao, watoto wa viwandani na vichochoroni, hawakuwa nayo kamwe. Games, mtoto wa Whitechapel, amewapa ile waliyoiacha nyumbani, akaweka mbele yake ile waliyostahili. Bango lake ni propaganda vilevile, tena kali zaidi, maana ladai kitu kutoka kwa serikali iliyolilipia. Kinachoweza kulaumiwa ni wepesi wa ahadi yake: ukuta mmoja mweupe haufuti matege. Hata hivyo, huduma ya afya ya taifa ilianzishwa mwaka 1948, na mtoto yule hakuwa ameonewa aibu bure.

Baada ya vita Games alibuni nembo ya Tamasha la Uingereza la mwaka 1951 na ile ya kwanza yenye mwendo ya televisheni ya BBC, mwaka 1953. Ni kazi safi, zenye hesabu nzuri ya umbo, ila hazina mtu wa kumkera. Zaidi yazo lastahili kutazamwa bango la mwaka 1945 la kuomba nguo kwa ajili ya Wayahudi waliokombolewa, alilolichora baada ya kuziona picha za kambi ya Bergen-Belsen. Safari hii hakumtumikia jemadari yeyote. Alikuwa akiwaombea watu wa kabila lake.