Ndege ya Vita Iliyofufuliwa na Ile Iliyonakiliwa

Tarehe 24 Mei 1940, ndege ya vita ya Spitfire namba P9374 ilipigwa risasi, na rubani wake, Peter Cazenove, akatua kwa tumbo kwenye ufukwe wa Calais, Ufaransa. Mchanga ukaimeza ndege. Ilijitokeza tena mwaka 1980, na mwaka 2011 ikaruka tena, huko Uingereza. Miaka minne baadaye iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3.

Lakini ni nini hasa kilichoruka? Bati la alumini lililokaa miaka 40 kwenye maji ya chumvi huwa limeliwa hadi ndani, na hakuna mkaguzi atakayeliruhusu libebe mtu. Kazi ya namna hii ni kukata bati jipya kwa kufuata michoro ya kiwanda na kupiga ribiti upya, fundi mmoja akigonga kwa nje na mwenzake akikaza chuma kwa ndani. Mhimili wa bawa la Spitfire ni mirija ya mraba iliyochomekwa mmoja ndani ya mwingine, mingi karibu na kiwiliwili, ikipungua kuelekea nchani. Boriti moja nzima ingekuwa rahisi kutengeneza, na bati likishafunikwa hakuna ambaye angejua. Fundi anayerudia ile mirija ndiye anayefufua.

Wanaopima uhalisi wa ndege kwa asilimia ya chuma cha zamani hutegemea namba, kama mnunuzi wa gari anayeangalia namba ya chesisi tu. Ndege nyingine ya vita, Mosquito KA114, inawasumbua sana. Iliundwa Kanada, kisha ikaozea shambani huko Alberta, maana Mosquito ni ndege ya mbao. Huko New Zealand, Glyn Powell alitengeneza kalibu za kiwiliwili, na karakana ya AvSpecs, Ardmore, ikaunda ndege iliyoruka Septemba 2012. Kiwiliwili hutengenezwa nusu mbili, kushoto na kulia: mbao laini ya balsa katikati ya plaiwudi nyembamba, vyote vikibanwa juu ya kalibu hadi gundi ikauke. Nusu hizo zikiwa bado wazi, mafundi hufunga nyaya na mabomba, ndipo huziunganisha. Vyuma vingi vilitoka kwenye ndege ya zamani, mbao zote ni mpya, na gundi ni ya kisasa. Mimi naiita ndege iliyofufuliwa bila kusita. Gundi za wakati wa vita zilijulikana kwa kuachia kwenye unyevu, na kuzirudia kungekuwa kuhatarisha rubani ili kumridhisha mwanahistoria.

Ndege ya jeti ya Kijerumani, Me 262, ilichukua njia nyingine. Mradi ulioanza Texas mwaka 1993 na kuhamia jimbo la Washington uliazima ndege halisi ya mafunzo, iliyokuwa imesimama nje kwa miaka mingi katika kituo cha jeshi la wanamaji Pennsylvania. Mafundi waliifungua kipande kwa kipande wakipima kila kitu, kisha wakaikarabati na kuirudisha. Nakala ya kwanza iliruka Desemba 2002. Umbo ni lilelile, ila injini siyo. Jumo 004 ya asili ilidumu saa 10 hadi 25 tu, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa na uhaba wa nikeli na kromiamu, na rubani akisukuma mafuta kwa pupa ilizimika. Badala yake waliweka CJ610 ya General Electric na kuificha ndani ya ganda lenye sura ya Jumo. Injini hiyo ina nguvu zaidi, na uzito wake haufiki hata theluthi ya ule wa Jumo, hivyo mizani ya ndege nzima ilibidi ipigiwe hesabu upya.

Wakfu wa Messerschmitt ulikubali nakala hizo ziendeleze namba za kiwanda za wakati wa vita. Hapo siafikiani nao. Kazi ya bati ni ya heshima kubwa, lakini rubani wa leo anayepandisha nguvu bila wasiwasi hajifunzi jambo ambalo wenzake wa 1944 walilihofia kila walipogusa mkono wa mafuta. Namba mpya isingeipunguzia ndege hiyo chochote.