Hichki: filamu nzuri iliyomruka mwanafunzi

Kwa Kihindi, hichki ni kwikwi. Jina limechaguliwa vizuri. Kwikwi inakuja bila kupiga hodi, ukiibana inarudi, na kadiri watu wanavyokukodolea macho ndivyo inavyokukera zaidi. Katika filamu ya Hichki (2018), iliyoongozwa na Siddharth P. Malhotra, Rani Mukerji anaigiza kama Naina Mathur, mwanamke wa Mumbai mwenye sindromu ya Tourette ambaye anataka kitu kimoja tu: kufundisha. Shule zinamkataa moja baada ya nyingine. Mwishowe shule aliyosoma yeye mwenyewe inampa darasa la 9F, la watoto wa mtaa wa mabanda ambao walimu wengine wameshawakatia tamaa.

Kwa sisi tuliokulia kwenye filamu za Kihindi, hii ni ya kukaa na leso mkononi. Lakini hapa tuiulize swali moja: mwalimu akiitazama leo usiku, kesho asubuhi atajua namna ya kumsaidia mwanafunzi mwenye Tourette? Jibu langu ni kwamba atajua nusu tu.

Tuanze na sifa, maana inazo. Tourette ni hali ya ubongo na mishipa ya fahamu inayoanza utotoni. Mtu hufanya misogeo na kutoa sauti za ghafla zinazojirudia, ziitwazo tiki (si ile tiki nyekundu ya mwalimu kwenye daftari!). Ili iitwe Tourette, lazima kuwe na tiki za misogeo zaidi ya moja na angalau moja ya sauti, na ziwe zimedumu zaidi ya mwaka. Naina anatikisa shingo, anajigonga kidevu, anatoa sauti kama ya kubweka. Hatukani. Hapo filamu imefanya kazi ya maana, kwa sababu watu wengi wakisikia Tourette wanafikiria mtu anayeporomosha matusi, wakati kwa kweli ni wachache wanaotoa matusi bila kukusudia, takriban 10 hadi 15 kwa kila 100.

Imepatia pia kuonyesha kwamba tiki huzidi mtu akiwa na wasiwasi au akibanwa. Ndiyo maana kumwambia mtoto "acha!" mbele ya wenzake ni kama kumwagia moto mafuta ya taa.

Sasa tuje kwenye tukio ambalo kila aliyeiona anakumbuka. Naina akiwa bado mwanafunzi, sauti zake zinavuruga shughuli ya shule, na mwalimu mkuu, Bwana Khan, anamwita jukwaani mbele ya wote. Tunadhani anaenda kuaibishwa. Kumbe mwalimu mkuu anataka aeleze hali yake, kisha anamuuliza shule imsaidie vipi. Naina anajibu kwamba anataka kutendewa kama wanafunzi wengine. Ukumbi unalipuka kwa makofi.

Ni tukio tamu, lakini lina matatizo mawili. La kwanza ni lile jukwaa. Kuwaeleza wanafunzi wenzake ni jambo jema, kwa kuwa dhihaka mara nyingi hutokana na kutojua. Lakini mtoto anapaswa kuulizwa kwanza faraghani, pamoja na mzazi: je, unataka wenzako waambiwe? Na nani awaambie, wewe au mwalimu? Kumpandisha mtoto jukwaani ghafla ni kamari. Kwenye filamu imelipa. Kwa mtoto mwingine lile jukwaa lingekuwa ndiyo siku ya mwisho kukanyaga shule.

La pili ni kubwa zaidi, nalo ni hayo maneno "kama wengine". Kuheshimiwa kama wengine, sawa kabisa. Ila kuwekewa masharti yaleyale ni jambo lingine. Wengi wenye Tourette husimulia kwamba kabla ya tiki huja kitu kama muwasho, au chafya iliyo njiani. Unaweza kuizuia kwa muda, lakini kuizuia ni kazi. Mtoto anayetumia kipindi kizima kubana sauti yake ana akili kiasi gani iliyobaki kwa ajili ya hesabu? Zaidi ya hapo, wengi wao wana pia shida ya kutotulia na kukosa umakini, au mawazo na vitendo vinavyojirudia bila kukoma. Filamu haisemi lolote juu ya hayo.

Cha kushangaza, filamu yenyewe inalijua jambo hili. Naina anapowakuta 9F hawafundishiki kwa mtindo wa kawaida, anawatoa nje ya darasa na kubadili mbinu. Hawafundishi kama wengine, anawafundisha wanavyohitaji, nasi tunamshangilia. Kwa nini basi Naina mdogo aishie kupewa makofi tu?

Naina mdogo kwenyewe tunamwona kwa dakika chache. Tiki kwa kawaida huanza kati ya miaka 5 na 7 na huwa kali zaidi karibu na miaka 10 hadi 12, kisha kwa wengi hupungua kuelekea utu uzima. Kwa hapa Tanzania, miaka hiyo mikali ni kama darasa la nne hadi la saba, wakati wa mitihani, na bado kiboko kinaruhusiwa kisheria. Filamu imeiruka miaka ileile ambayo msaada ungefaa zaidi.

Hadithi hii imetokana na maisha ya Mmarekani Brad Cohen, aliyekataliwa na shule 24 kabla ya kupata kazi ya ualimu. Ushujaa wake ni wa kweli. Ila mtoto wa miaka 10 hahitaji kuwa shujaa ili asome. Anahitaji mwalimu anayepuuza tiki na kuendelea na somo, ruhusa ya kutoka nje kidogo bila kuomba kwa sauti, kiti ambacho hakimweki machoni pa darasa zima, na chumba cha pembeni na muda wa ziada kwenye mtihani. Hata tiba ipo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 kwa watoto 126 ulionyesha kuwa mafunzo ya kutambua ule muwasho na kuujibu kwa kitendo kingine yaliwasaidia zaidi ya nusu ya waliopewa.

Karibu yote hayo ya darasani hayana gharama. Itazameni Hichki, hata na walimu wenu, kwa sababu inafungua mlango. Tukio la jukwaani likiisha, isimamisheni na muulizane: baada ya makofi, Jumatatu asubuhi, nani atabadilisha nini darasani?