Picha Haina Azimio: Juu ya Istilahi Mbili za Picha za Kidijitali

Miongoni mwa maandishi yaliyotufikia ili yasahihishwe ni mwongozo wa kuskani nyaraka za zamani, uliotafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya watumishi wa ofisi moja ya umma. Sarufi yake haina dosari kubwa. Hata hivyo mahali pamoja palitusimamisha: mtumishi ameagizwa ahakikishe kwamba kila picha ina azimio la 300 na kina cha 1, na baada ya hapo hakuna maelezo zaidi.

Tuanze na "azimio". Tangu Februari 1967, lilipotangazwa Azimio la Arusha, ni vigumu kumpata Mtanzania asiyelifahamu neno hili. Azimio ni jambo ambalo watu wamekaa, wakashauriana, wakakata shauri. Picha haikukata shauri lolote. Yaelekea mfasiri alikutana na neno la Kiingereza lenye maana nyingi, akafungua kamusi, akashika maana ya kwanza aliyoikuta. Kosa hili si lake peke yake, kwani limekwisha kuingia katika tafsiri za programu za kompyuta na simu.

Lakini hata tukiliondoa neno hilo na kuweka "ubora", kama wafanyavyo wengi, bado hatujapona. Ubora ni hukumu. Hapa kinachotakiwa ni kipimo. Picha ya kidijitali imefanyizwa kwa vijiraba vidogo viitwavyo pikseli. Picha yenye pikseli 3,000 kwa 2,000 ina jumla ya pikseli 6,000,000. Ikichapwa kwa pikseli 300 katika kila inchi, upana wake karatasini utakuwa inchi 10. Ikichapwa kwa 150, utakuwa inchi 20. Pikseli ni zile zile, hakuna iliyoongezwa wala iliyopunguzwa. Kwa hiyo picha iliyokwisha kupigwa haibadiliki kwa kuandikiwa 300. Katika kuskani mambo ni kinyume, kwa sababu hapo namba hiyo ndiyo inayoamua pikseli zitakazopatikana: karatasi ya inchi 8 kwa 10 itatoa pikseli 2,400 kwa 3,000. Tunapendekeza basi istilahi mbili mahali pa moja, yaani "idadi ya pikseli" na "msongamano wa pikseli", na hii ya pili isiandikwe kamwe bila maneno "kwa inchi".

"Kina" kina watetezi, na baadhi yao ni wenzetu. Hoja yao ni kwamba neno ni fupi na linalingana na la Kiingereza. Sisi twaona kwamba ulinganifu huo ndio ubaya wake. Kinachohesabiwa hapa ni biti zilizotengewa kila pikseli. Biti 1 inaruhusu mambo mawili tu, nyeusi au nyeupe. Biti 8 zinaruhusu daraja 256 kati ya weusi na weupe. Rangi tatu za msingi zikipewa biti 8 kila moja, jumla ni biti 24, na rangi zinazowezekana ni 16,777,216. Hakuna kilicho chini wala juu katika hesabu hii. Kisima kina kina, na bahari pia. Nao wapiga picha hulihitaji neno hilo kwa jambo jingine kabisa, yaani masafa yanayoonekana vizuri mbele na nyuma ya kinachopigwa. (Na katika wingi tutasema "vina vya biti", kana kwamba zimetungiwa shairi.) "Idadi ya biti kwa pikseli" ni ndefu, lakini humwambia msomaji ahesabu nini.

Kwamba vipimo hivi havitegemeani kulionekana tangu mwanzo. Mwaka 1957, huko Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliskani picha ya mwanawe mchanga ikawa pikseli 176 kwa 176, kila moja ikiwa na biti 1. Ili kupata rangi ya kijivu iliwabidi waiskani zaidi ya mara moja kwa viwango tofauti vya mwanga, kisha wayaunganishe matokeo. Idadi ya pikseli haikuongezeka. Kilichoongezeka ni daraja.

Turudi kwenye mwongozo wetu. Kati ya nyaraka zinazohusika zimo hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambamo "be" na "te" hutofautishwa kwa nukta tu. Msongamano wa pikseli ukiwa mdogo, nukta mbili za "te" huungana zikawa doa moja. Biti ikiwa 1, mashine hulazimika kuamua kila mahali kama ni wino au ni karatasi. Wino uliofifia huhesabiwa kuwa karatasi na kutoweka, na wino mwekundu, ukisalia, hugeuka mweusi. Tarakimu 1 ilimfaa mwandishi wa Kiingereza aliyefikiria barua zilizopigwa chapa. Mfasiri angaliandika "biti 1 kwa pikseli, yaani nyeusi na nyeupe tupu", yamkini mtu angaliuliza.

Tumeurudisha mwongozo ukiwa na pendekezo hili: pikseli 400 kwa inchi, kwa rangi, biti 8 kwa kila rangi. Tumejibiwa kwamba masahihisho yatatiwa katika chapa ya pili, kwa kuwa kazi ya kuskani imekwisha kuanza.