Dawa mbili dhidi ya moja: hesabu iliyofanywa mapema

Saratani ya figo iliyokwisha kusambaa haisikii tibakemia ya kawaida. Tangu 2006 tegemeo kubwa lilikuwa vidonge vya sunitinib, vinavyouzuia uvimbe kujiotesha mishipa ya damu. Jaribio la CheckMate 214, lililochapishwa mwaka 2018, lilivipambanisha na mseto wa nivolumab na ipilimumab, dawa za dripu zinazozifungua breki seli za kinga ya mwili. Wagonjwa 1,096 waligawanywa kwa bahati nasibu.

Dozi haikubuniwa. Katika jaribio dogo la awali, ipilimumab ya miligramu 1 kwa kila kilo ya mgonjwa na ile ya miligramu 3, zote pamoja na nivolumab, zilisinyaza uvimbe kwa takribani asilimia 40 ya wagonjwa. Madhara makali yalizidi sana kwa dozi kubwa. Ikachukuliwa ndogo.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye hesabu. Watafiti hujiruhusu uwezekano wa asilimia 5 wa kudanganywa na bahati. Anayepima mambo matatu, na kila moja akalipa asilimia 5 nzima, amejifungulia milango mitatu ya kushangilia bure. Hawa waliigawa asilimia hiyo kabla ya kuona matokeo: 4 kwa uhai wa wagonjwa, 0.9 kwa muda ambao ugonjwa haukui, 0.1 kwa kusinyaa kwa uvimbe. Muda huo ulitoka miezi 11.6 kwa mseto dhidi ya 8.4 kwa sunitinib, na kama tiba zingekuwa sawa, uwezekano wa bahati pekee kuleta tofauti kama hiyo au kubwa zaidi ulikuwa asilimia 3. Wengi wangetangaza ushindi hapo. Wao waliandika kwamba kigezo chao cha asilimia 0.9 hakikufikiwa. Naiheshimu sana nidhamu hiyo, kwa sababu ndiyo inayonifanya niamini lile lililofikiwa: baada ya miezi 18, asilimia 75 ya waliopewa mseto walikuwa hai, dhidi ya 60.

Takwimu hizo ni za wagonjwa 847 wenye hatari ya wastani au kubwa, ambao ndio waliolengwa hasa. Kwa wenye hatari ndogo hali iligeuka: uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 52 ya waliotumia sunitinib, na 29 tu ya waliotumia mseto.

Kidonge na dripu ni vigumu kuvificha, hivyo kila mgonjwa alijua anachotumia. Picha zilisomwa na jopo huru lisilojua nani alipewa nini. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba hakukuwa na kundi la nivolumab peke yake. Asilimia 22 ya waliopewa mseto waliacha tiba kwa madhara, dhidi ya 12 kwa sunitinib, na ni haki kuuliza ipilimumab iliongeza nini kwa gharama hiyo. Jaribio hili lilithibitisha kwamba mseto unaishinda sunitinib kwa wagonjwa wenye hatari ya wastani na kubwa; mchango wa kila dawa halikuupima.