Kamba Nyuma ya Moteri

Trekta kuukuu likifika kwa fundi pale Kalemie na doa jeusi chini ya tumbo, asiyejua kazi hukimbilia spana. Anayejua huomba ndoo, sabuni ya unga na brashi. Husugua moteri mpaka chuma kionekane, huiacha ikauke, hupaka unga wa chaki kote, kisha huwasha na kuvuta kigoda. Mwenye trekta, aliyetaka kurudi shambani leo leo, huanza kuguna.

Agune tu. Mafuta hayaonekani yanapotokea. Upepo wa feni huyasukuma nyuma, vumbi huyashika, yenyewe huteremka. Kifuniko cha vali kikivuja juu, tone huning'inia chini ya karteri na karteri husingiziwa. (Karteri ni sampu ya mafundi wa Kigoma. Vyuma ni vilevile ng'ambo zote mbili za ziwa. Majina ndiyo yaliyopitia Kifaransa huku na Kiingereza kule.) Chaki ndiyo shahidi: tazama palipolowa kwanza, siyo palipolowa sana.

Hata hapo, spana bado. Moteri iliyochoka hupenyeza hewa ya moto kupita pistoni hadi kwenye karteri, na bomba la kupumulia likiziba, presha hiyo husukuma mafuta kila penye udhaifu. Nimeona gasketi mbili zikibadilishwa bure, kumbe dawa ilikuwa kipande cha waya na dizeli kidogo ya kuzibulia bomba.

Gasketi yenyewe huweza kuzaliwa palepale. Karatasi nene hulazwa juu ya chuma na kugongwa pembezoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, taratibu, mpaka ukingo wa chuma uikate wenyewe. Silikoni nyekundu siipendi. Inayojikamua nje utaifuta; inayojikamua ndani hukatika, ikaenda kuziba chujio la pampu.

Lakini utamu wa kazi uko nyuma kabisa. Chukua Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, lenye moteri ya Perkins ya silinda tatu. Katika nyingi za moteri hizo, pale krankshafti inapotokea nyuma, kinachozuia mafuta ni kamba tu, iliyolazwa ndani ya vifuniko viwili vya nusu duara. Kuifikia, trekta hutenganishwa katikati. Kwanza fundi hupigilia kabari za mbao kati ya moteri na ekseli ya mbele, kwa kuwa ekseli hiyo hucheza kwenye pini yake, na moteri ikibaki peke yake itaanguka ubavu.

Kamba haianzwi upande mmoja. Ncha zote mbili hukandamizwa kwanza, zikiachwa zichomoze kati ya robo na nusu ya milimita ili nusu mbili zikikutana zisukumane. Katikati hufuata, kisha chuma cha duara huviringishwa juu yake mpaka ikae, ndipo ipakwe grisi ya grafiti.

Grisi ina heshima ya pekee ziwani hapa. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen, lakini kwanza mafundi wake waliipaka mitambo grisi nene. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, kwa mitambo ileile.

Trekta likishaunganishwa, hufanyishwa kazi siku nzima na kulazwa juu ya boksi safi. Asubuhi fundi hapigi hodi kwa mwenye mali. Huingia chini kwa mgongo, akatafuta kitundu kilicho chini ya nyumba ya klachi, akaingiza kidole, akakinusa, akakitazama kwenye mwanga. Kikavu. Hapo ndipo huagiza chai.