Herufi «IN» Katika Maneno ya Kiingereza

Wasomaji wetu, katika shule zetu za Arusha na za miteremko ya Meru husikika sana kanuni hii: neno la Kiingereza likianza kwa «in», basi lakana. «Correct» ni sahihi, kwa hiyo «incorrect» si sahihi. «Visible» ni chenye kuonekana, kwa hiyo «invisible» hakionekani. Kanuni hii twaikubali nusu yake. Hata ile «in» kugeuka kuwa «im» katika «impossible» haiwasumbui watoto wetu, kwa maana na sisi twasema nyumba mbovu, hatusemi nyumba nbovu. Ila nusu iliyobaki ina hatari.

Tazameni «inflammable». Mtoto ajua kwamba «flame» ni mwali wa moto. Akiliona neno lile ubavuni mwa gari la mafuta lipitalo Tengeru likitoka Moshi, atalisoma kwa kanuni yake: kisichoshika moto. Kumbe maana ni kinyume kabisa, yaani chenye kushika moto upesi! Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Morogoro, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Hatusemi kwamba walipotezwa na neno; twasema tu kwamba onyo la jambo kubwa namna hiyo lisiandikwe kwa fumbo. Huko Marekani, tangu miaka ya 1920, wenye kazi ya kuzuia moto walihimiza watu waandike «flammable», kwa kuwa hata wenye lugha yao walikosea.

Asili ya jambo ni Kilatini, ambacho kilikuwa na «in» mbili: moja ya kukana, na nyingine ya kutia ndani. «Inflammable» ni mtoto wa ile ya pili. Herufi ni zile zile, ukoo ni mbalimbali. Nasi tunayo mambo hayo. Neno kitabu lilitoka kwa Waarabu, na «ki» yake ilikuwa sehemu ya shina lenyewe. Lakini masikio yetu yaliifananisha na «ki» ya kiti, tukasema vitabu kama tusemavyo viti.

Tena kuna «invaluable», nalo lapoteza kwa njia nyingine. «Value» ni thamani, na «in» hapa ni ile ya kukana. Lakini kinachokanwa si thamani, ni kupimika kwake. Mwanafunzi akiandika kwamba mama yake ni «invaluable», amemsifu sana, wala mwalimu asimkatie alama.

Kwa hiyo twaona haifai kuwapa watoto orodha ya vipande vya mwanzo wa maneno ili waikariri peke yake. Wapewe neno ndani ya sentensi, kisha walitafute katika kamusi, hata kama wadhani wamekwisha kulijua. Na wenye magari ya mafuta, ambao rangi wanayo tayari, waongeze chini ya Kiingereza chao maneno matatu: HUSHIKA MOTO UPESI.