«Lisini: hakuna»? Tuulize detekta kwanza

Bandugu, nimetoka kusoma TFC moja juu ya uji wa mahindi na soya wenye tunakulishaka batoto hapa Likasi. Jina la mwenyewe ninaliacha, kwa sababu kosa si lake peke yake. Mimi pia nilishakopia namba bila kuuliza. Kazi iko na uzuri wake: sampuli zimechukuliwa kwa uangalifu, majedwali ni safi. Lakini mu matokeo ameandika: «Lisini: hakuna.» Detekta ilisoma kwa 254 nm, bila reajenti yoyote.

Soya iko na lisini mingi! Njo maana inaongezwa ku mahindi. Basi nani alikosea, soya ao detekta?

Kosa ninaona kwenye linatoka. Sisi ba Likasi tulijifunza kemia kwa njia ya shaba. Mu absorpsio ya atomi, shaba iko na mstari wake, 324.8 nm, kobalti 240.7. Kila metali na namba yake. Tunafikiri asidi amino nazo ni vile. Hapana. Lisini yenyewe inaonekana tu huko chini, karibu na 200 mpaka 210 nm, na pale hata methanoli inaanza kunyonya mwangaza. Kwa hiyo tunaifunga alama: OPA tunasoma kwa 340, FMOC kwa 263, PITC kwa 254, ninhidrini kwa 570. Namba ni ya alama, si ya lisini. Kuchukua 254 na kuacha PITC ni kubeba ufunguo bila kufuli.

Triptofani inaonekana kwa 280 bila alama. Lakini ukichemsha unga mu HCl 6 M, 110 °C, saa 24, inaharibika mbele ya kufika ku detekta. Kwa yenyewe tunatumia alkali.

Hii si maneno ya laboratware tu. Mahindi ni maskini wa lisini na triptofani, na batoto betu banakula bukari kila siku. Mama akisikia kama soya haina faida, ataiacha.

Ombi langu kwa wenye kuandika mwaka huu: mbele ya kuandika «hakuna», ingiza lisini safi mu mashini. Kama nayo haionekani, andika ukweli: «Sikuona.»